Rungwe na Majina ya Wapitao

Katika ramani zilizochorwa Ulaya miaka mia na ushei iliyopita, pembe ya kaskazini ya Ziwa Nyasa imejaa majina ambayo leo hayamfikishi msafiri popote. Pana uwanda ulioitwa Elton. Pana kilima kilichoitwa Wangemannshöhe. Pana mji ulioitwa Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Anayeshuka basi Tukuyu na kuuliza njia ya kwendea Langenburg atatazamwa kwa mshangao, ilhali ardhi aliyoikanyaga ndiyo hiyo hiyo anayoiulizia. Majina hayo yalikuja na watu, yakakaa kadiri wenyewe walivyokaa, kisha yakaondoka nao. Limesalia moja tu lenye nguvu, nalo ni la Milima ya Livingstone, iliyosimama kama ukuta upande wa mashariki wa ziwa. Na hilo nalo lina kichekesho chake, kwani Livingstone hakuifikia ncha ile ya kaskazini. Aliyeipachika milima jina hilo ni baharia wa Kiingereza, E. D. Young, alipolizunguka ziwa kwa meli mwaka 1875.

Nchi yenyewe ina sifa za kutosha hata bila ya majina ya kuazima. Barabara itokayo Mbeya huiacha njia kuu ya Zambia pale Uyole, ikapanda hadi Isyonje, ikateremka Kiwira, ikafika Tukuyu, kisha ikashuka tena mpaka Kyela na mto Songwe ulio mpaka wa Malawi. Katika mwendo wa saa chache msafiri hutoka penye baridi ya viazi na pareto, akapita penye migomba, kahawa na chai, akaishia penye joto la mpunga, kakao na michikichi. Mlima Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960, huzuia mawingu yatokayo ziwani, na ndiyo maana mvua ya Tukuyu hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo ni wa majivu ya volkano. Rungwe yenyewe ililipuka kwa kishindo kikubwa takriban miaka 4,000 iliyopita; Kyejo, jirani yake, ilitoa lava mnamo mwaka 1800 hivi, na kumbukumbu ya moto ule ilihifadhiwa katika masimulizi ya wazee kabla ya wanajiolojia kufika na vipimo vyao. Kwenye mto Kiwira lava iliyoganda zamani imeacha tao la jiwe ambalo wenyeji huliita Daraja la Mungu. Juu ya safu ya Poroto limelala Ngosi, ziwa la kasoko lililozungukwa na msitu. Chini, upande wa kusini, liko Kisiba, ambalo wengi hulijua kwa jina la Masoko.

Hata hivyo, wageni wa Rungwe ni wachache. Watalii huishia kaskazini kwenye Kilimanjaro na Serengeti, au pwani na visiwani. Na mtu wa pwani aendaye kusini kwa reli ya TAZARA au kwa basi aghalabu huwa na safari ya Mbeya, Tunduma au Lusaka. Wapo wanaoijua Rungwe kwa ndizi zake tu, na kwa majina ya watu wake yaanzayo kwa Mwa-, kiambishi kilicho na kazi ile ile ya "bin" katika nasaba za pwani. Lakini ni kosa kudhani kwamba nchi hii ilikuwa imejificha. Njia za misafara zilifika huko tangu zamani, na wengi wa waliozipita walitokea Unguja, Kilwa, Bagamoyo na Ngazija. Walifika, waliona, walizungumza na wenyeji, na wakarudi. Kilichopungua ni kuandikwa kwao. Vitabu viliandikwa na mabwana wa misafara, na katika vitabu hivyo aliyemfasiria bwana, aliyemwonyesha njia na aliyembebea mzigo hutajwa kwa jina moja, au kwa hesabu ya vichwa, au hatajwi kabisa.

Mmoja wa mabwana hao alikuwa Kapteni James Frederic Elton, aliyewahi kufanya kazi katika ubalozi wa Uingereza mjini Unguja katika miaka ya kupigwa vita biashara ya watumwa, kisha akawa balozi Msumbiji. Mwaka 1877 yeye na wenzake walipanda kutoka ziwani kupitia nchi ya Wakonde, kama Wanyakyusa na ndugu zao wa kusini mwa Songwe walivyoitwa na wageni wakati huo. Walivuka milima mpaka kwa mtemi Merere wa Wasangu, wakanasa katikati ya vita vyake na Wahehe. Elton hakuiona tena pwani. Alifia Ugogo Desemba mwaka huo huo, na maandishi yake yakachapishwa 1879 na mwenzake. Uwanda wa juu alioupita ukapewa jina lake. Leo uwanda huo ni Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005, ambayo watu wa huko huiita Bustani ya Mungu kwa wingi wa maua yake wakati wa masika.

Miaka miwili baada ya Elton akaja Mskochi kijana wa miaka 21, Joseph Thomson. Msafara wake ulikuwa wa Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha London, na mkuu wake wa kwanza, Keith Johnston, alifia Behobeho karibu na Rufiji kabla safari haijakolea. Thomson akaendelea, akapita Mahenge na Uhehe, na Septemba 1879 akatelemkia nchi ya Wakonde na kuliona ziwa. Katika kitabu alichokichapisha 1881 aliisifu nchi hiyo kuliko nyingi alizozipita. Alistaajabia usafi wa vijiji, nyumba zilizojengwa kwa ustadi, migomba iliyopangwa, nyasi fupi zilizofanana na zulia, na watu waliompokea bila ya hofu. Aliifananisha na Arcadia, nchi ya kubuni ya wachungaji katika ushairi wa kale wa Kiyunani na Kirumi. Yaani alipokosa neno la kuielezea Rungwe alikwenda kuliazima katika mashairi ya kwao.

Lakini Thomson hakuwa peke yake alipoyaona hayo. Msafara ulikuwa na wapagazi zaidi ya mia moja walioandikishwa Unguja, na kiongozi wao alikuwa Chuma. Huyu ni Myao aliyekombolewa kutoka msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto, akasoma Bombay, akafuatana na Livingstone katika safari yake ya mwisho, na baada ya kifo cha bwana wake Mei 1873 alikuwa miongoni mwa walioubeba mwili kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi Bagamoyo. Kwa kijana wa miaka 21 aliyekuwa hajui lugha ya nchi, Chuma ndiye aliyekuwa ulimi, sikio na busara ya msafara: kujua lini pa kupiga kambi, kiasi gani cha nguo kitolewe hongo, na kwa maneno gani mtemi aombwe njia. Thomson mwenyewe alimsifu. Lakini Chuma hakuacha kitabu cha safari ile. Alifariki Unguja mwaka 1882, na yale aliyoyafikiri alipoiona nchi ya migomba, yeye aliyezaliwa si mbali na ziwa lile lile na kuuzwa katika njia zake, alikwenda nayo.

Hasara hiyo si ndogo. Thomson aliona uzuri, lakini sababu ya uzuri ule hakuijua, wala hakukaa muda wa kuijua. Nyumba zile safi zilizopangwa katika safu hazikuwa mapambo. Zilikuwa alama ya mpango wa jamii ambao katika Afrika nzima haukuwa na mifano mingi. Wanyakyusa walijenga vijiji kwa rika. Mtoto wa kiume alipofika umri wa miaka kama 10 au 11 aliondoka nyumbani kwa wazazi na kulala pamoja na wenziwe wa rika moja katika kijiji chao wenyewe, kando ya kijiji cha baba zao. Chakula walikwenda kula kwa mama zao, kwa zamu na kwa kundi: leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mashamba waliendelea kulima ya baba zao. Walipooa walileta wake zao hapo hapo, na kijiji cha watoto kikawa kijiji cha watu wazima. Ulipotimia wakati, mara moja kwa kila kizazi, ilifanywa sherehe iitwayo ubusoka, ambayo kwayo wazee waliwakabidhi vijana utawala na ardhi, na nchi ya mtemi mmoja ikagawanywa baina ya wanawe.

Kiini cha mpango huo kilikuwa na neno lake: ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzio, mazungumzo na vicheko vya watu wa hirimu moja, na adabu inayozaliwa humo. Mtu aliyekula peke yake alihesabiwa hana utu, na wengine wakamshuku uchawi. Msomaji wa pwani, aliyekulia barazani na anayeijua thamani ya kikao cha magharibi, hana haja ya kufasiriwa neno hilo kwa maneno mengi. Lau Chuma au mpagazi mmoja wa Unguja angaliandika alichokiona, huenda angalilinganisha na baraza.

Ila pwani nayo haiwezi kuisoma historia ya nchi hii kwa kujisifu. Mkataba wa Juni 1873, ambao Sayyid Barghash alitiwa shinikizo kuutia saini, ulifunga soko la watumwa la Unguja na kukataza kuwasafirisha kwa bahari. Haukufunga njia za bara. Watumwa na pembe ziliendelea kutoka Nyasa kuelekea Kilwa. Karibu na Karonga, kusini kidogo mwa Songwe, alikaa Mlozi bin Kazbadema, mfanyabiashara aliyekuwa na ngome na bunduki na watu wa pwani waliomfuata. Mwaka 1887 watu wake waliwashambulia Wangonde, ndugu wa damu na lugha wa Wanyakyusa, wakaua wengi na kuteka wengine. Waliosalimika baadhi yao walikimbilia kaskazini, ng'ambo ya Songwe. Vita vilivyofuata baina ya Mlozi na kampuni ya Kiingereza ya biashara viliendelea kwa vipindi, mpaka mwaka 1895 Mlozi aliposhindwa, akahukumiwa na kunyongwa. Waingereza walikuwa na tamaa zao katika vita hivyo, wala haikuwa huruma tupu. Lakini kwa mama wa Kingonde aliyekimbia na mtoto mgongoni, Kiswahili kilikuwa lugha ya watu waliochoma kijiji chake. Anayeshangaa kwa nini neno "pwani" halikuwa na harufu ya marashi katika masikio ya wazee wa huko aanze kutafuta jawabu hapo.

Kiswahili hicho hicho ndicho kilichotoa simulizi ya kwanza ya safari ya Nyasa iliyosemwa na mtu wa pwani kwa jina lake mwenyewe. Huyu ni Selim bin Abakari, Mngazija, aliyekuwa mtumishi wa Mjerumani Theodor Bumiller. Alifuatana na bwana wake katika msafara wa Hermann von Wissmann ulioipeleka meli ziwani vipande vipande kwa njia ya mito ya Zambezi na Shire, na meli hiyo ikaelea Nyasa mwaka 1893. Simulizi yake ilichapishwa Göttingen mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten uitwao Safari za Wasuaheli, pamoja na maandishi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari na wengine. Selim huyo huyo ndiye aliyesafiri mpaka Urusi na Siberia, akayasimulia pia.

Wahakiki wamesema, na ni kweli, kwamba Selim alisema akiwa upande wa wenye bunduki. Aliwatazama watu wa bara kwa jicho la mwungwana wa pwani aliye katika ajira ya Mjerumani, na kitabu chenyewe kilikusudiwa kuwafunza Wajerumani Kiswahili. Hata hivyo thamani yake haipungui. Katika vitabu vya mabwana mtumishi ni kivuli. Hapa mtumishi ndiye msimulizi, na bwana ndiye anayetazamwa. Nathari ya safari ya Kiswahili ilizaliwa katika mazingira hayo yasiyo safi, na mwanafasihi wa leo anapaswa kuipokea pamoja na doa lake, kama mtu anavyopokea urithi wenye deni.

Kabla ya meli ya Wissmann wamisionari walikuwa wamekwisha kufika. Mwaka 1891 yalikuja makundi mawili: Walutheri wa Berlin wakiongozwa na Alexander Merensky, waliojenga Wangemannshöhe, na Wamoraviani wakiongozwa na Theodor Meyer, waliojenga chini ya mlima Rungwe. Waligawana nchi, hawa mashariki na hawa magharibi. Kisha wakakabiliwa na tatizo ambalo kila mfasiri analijua: jina la Mungu litakuwa nani?

Wanyakyusa walikuwa na majina mazito. Alikuwapo Lwembe, ambaye kwenye kichaka kitakatifu cha Lubaga aliombwa mvua na rutuba. Alikuwapo Kyala, aliyehesabiwa ndugu yake, mwenye pango lake kwenye ufuo wa ziwa. Wote wawili walikuwa katika hadithi za mashujaa walioshuka kutoka milima ya Ukinga wakileta moto, chuma na ng'ombe. Wamisionari wakalichukua jina la Kyala, wakalivua pango na nasaba, wakalipandisha mbinguni. Kizazi kimoja hakijapita, mtoto aliyezaliwa Rungwe akitamka Kyala alikuwa akimaanisha Muumba wa mbingu na ardhi. Na babu yake, kwa neno lile lile, alikuwa akimkumbuka mkuu wa ufuoni. Haukutungwa uongo hapo. Lilikuwa tendo la tafsiri, na kila tendo la tafsiri hufungua mlango mmoja na kufunga mwingine. Lwembe, ambaye jina lake halikuchaguliwa, alibaki Lubaga, na ibada yake ikawa inaendelea bado watafiti walipofika katika miaka ya 1930.

Utawala wa Kijerumani nao ulileta majina yake. Kituo cha kwanza kilijengwa ufuoni 1893 na kuitwa Langenburg, kwa heshima ya aliyekuwa mkuu wa chama cha makoloni. Joto na homa za ziwani zikawashinda, na mwanzoni mwa karne ya 20 makao yakahamishiwa juu, kwenye baridi na ukungu, ndipo likapatikana neno Langenburg Mpya. Mji huo haukumaliza miaka 20 ukiwa na jina hilo. Mei 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, yakauchukua. Nyuma yao walikuja tengatenga, maelfu ya wapagazi wa vita, walioupeleka unga na risasi juu ya milima ile, na wengi wao kufa kwa njaa, baridi na maradhi. Vitabu vya vita vimehifadhi majina ya maofisa. Majina ya tengatenga yalibaki kwa mama zao.

Wajerumani waliacha majengo na hadithi. Kando ya ziwa Kisiba, pale Masoko, bado lipo jengo lao la mawe, na husimuliwa kwamba walipoona wameshindwa walizamisha fedha na silaha zao katika ziwa lile. Wapo watu waliopoteza siku nyingi wakizitafuta. Kweli ya hadithi hiyo ni jambo moja. Kwa nini inapendwa ni jambo jingine. Nchi iliyotoa kodi, kazi na wapagazi, na ikapata malipo haba, inajisimulia kwamba hazina yake haikuvuka bahari, bali imelala pale pale, chini ya maji, inamsubiri mwenyewe.

Baada ya vita jina la Tukuyu likarudi mahali pake, na nchi ikawa chini ya Waingereza. Baina ya 1934 na 1938 waliishi huko wataalamu wa elimu ya jamii, Godfrey Wilson na mkewe Monica. Godfrey alifariki 1944 akiwa bado kijana. Monica aliendelea na kazi, na mwaka 1951 akatoa kitabu juu ya vijiji vya rika alichokiita Good Company, ambalo ndilo lile neno ukwangala katika vazi la Kiingereza. Vikafuata vingine vitatu, cha mwisho mwaka 1977. Ulimwengu wa wasomi uliijua Rungwe kwa vitabu hivyo. Yale mambo ambayo Thomson aliyaita Arcadia hatimaye yalipata maelezo yake.

Lakini hapa napo palikuwa na mtu wa kati. Leonard Mwaisumo, karani wa Kinyakyusa aliyezaliwa 1910, alifanya kazi na akina Wilson akiwa msaidizi na mkalimani wao. Yeye ndiye aliyewafungulia milango ya watu na ya maneno. Alifariki 1938, akiwa na miaka 28 tu, kabla kitabu hata kimoja katika vile vinne hakijatoka. Ilibidi kusubiri mpaka 2013, utafiti juu ya Monica Wilson na wakalimani wake ulipochapishwa, ndipo maisha ya Mwaisumo yakapewa sura yake kamili. Tangu Chuma mpaka Mwaisumo ni miaka 60 hivi. Mabwana walibadilika, kutoka mvumbuzi hadi msomi. Nafasi ya mkalimani ikabaki ile ile, mlangoni, nusu ndani na nusu nje.

Na wakati vitabu vinaandikwa, mambo yaliyoandikwa yalikuwa yanatoweka. Vijiji vya rika vilihitaji ardhi tupu, ili kila kizazi kipya kipate mahali pa kujenga. Watu wakaongezeka. Kahawa ikapandwa, na mti wa kahawa si kama mgomba wa kuhamwa. Aliyeupanda hutaka kuurithisha mwanawe, si rika lake. Chai ikafuata, kwanza ya mashamba makubwa, baadaye na ya wakulima wadogo. Vijana wakenda kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya na kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, wakarudi na fedha zao wenyewe na haja yao ya nyumba zao wenyewe. Hakuna aliyepiga marufuku ukwangala. Mpango ule ulikosa ardhi tu. Walioviona vijiji vya rika vikiwa hai wanazidi kupungua kila mwaka, na yale wasiyoyasimulia hayatasimuliwa na mwingine.

Kisa cha mwisho kinahusu mnyama. Wawindaji wa vijiji vya chini ya mlima Rungwe walikuwa wakimtaja nyani mmoja mwenye haya, akaaye juu ya miti, wakimwita kipunji. Watafiti waliosikia habari zake hawakuwa na hakika kama ni mnyama au ni kiumbe wa hadithi, kwani katika masimulizi ya msituni viwili hivyo hukaa jirani. Mwishoni mwa 2003 walimwona. Mwaka 2004 watafiti wengine, bila ya kujua habari za wenzao, walimwona katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Mei 2005 alitangazwa kwa ulimwengu katika jarida la Science, na 2006 ikabainika kwamba hakuwa spishi mpya tu, bali jenasi mpya. Hesabu iliyotolewa 2008 ilionyesha wamebaki 1,117 tu. Mwaka 2009 msitu wa mlima Rungwe ukatangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Magazeti yalisema mnyama huyo "amegunduliwa". Wawindaji waliokuwa wakimjua tangu utoto wana haki ya kutabasamu. Lakini safari hii lilitokea jambo ambalo halikutokea kwa uwanda wa Elton wala kwa mji wa Langenburg. Jina la kitaalamu la mnyama huyo ni Rungwecebus kipunji. Mlima uliingia katika Kilatini kwa jina lake, na neno la wawindaji likaingia nalo, bila ya kubadilishwa. Popote duniani atakapotajwa mnyama huyo, katika vitabu vya vyuo na makumbusho, itabidi atajwe kwa ulimi wa watu wa Rungwe.

Usione vyaelea, vimeundwa, walisema wahenga. Na nchi nayo haionekani mpaka iundiwe maneno. Rungwe imeundiwa maneno mengi na wapitao, mazuri na mabaya, kwa Kiingereza na Kijerumani. Kwa Kiswahili bado ni machache, licha ya kwamba misafara iliyofika huko ilipiga kambi, ikagombana na ikasali kwa Kiswahili. Kazi hiyo ingali mbele ya waandishi wa pwani na wa Rungwe kwa pamoja: kukusanya majina ya vilima, mito na vichaka pamoja na hadithi zake, kuwaandika wazee wanaokumbuka ubusoka, kumtafuta Chuma na Mwaisumo katika kurasa walizofichwa, na kuyasema ya Mlozi bila ya kupepesa macho. Msafiri atakayepanda kutoka Uyole kwa niaba hiyo hahitaji mpagazi wala hongo ya nguo. Neno la kwanza la kujifunza ni jepesi, nalo ni "ndaga", ambalo kwa Wanyakyusa ni shukurani. La pili ni jina la huyo aliyemwambia.